Siku Bibi Sufuria Alipopigiwa Makofi

Katika kanisa lile hakuna aliyewahi kuomba kazi. Kazi ilikuja yenyewe, kwa makofi. Baada ya matangazo, mchungaji alimtaja mtu, akaitaja kazi, kisha akawageukia waumini na kuuliza, "Mnasemaje?" Waumini, ambao muda wote huo walikuwa wamebana pumzi wasitajwe wao, walipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto, na jambo likawa limekwisha. Kukataa ukishapigiwa makofi haikuwa dhambi iliyoandikwa mahali popote, ila hakuna aliyewahi kujaribu.

Bibi Sufuria alipigiwa makofi ya kwanza akiwa bibi harusi mbichi, hajui hata choo cha kanisa kiko upande gani. Wakampa choo. Alikisugua kwa bidii ya mtu anayetaka kusifiwa na wakwe, na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu waliokiona kinang'aa walisema mikono kama ile haifai kuachwa bure. Mwaka haukuisha wakampigia makofi ya maua ya madhabahuni. Wakampigia ya vitambaa vya meza ya Bwana, vya kufuliwa, kutiwa wanga na kupigwa pasi. Wakampigia ya jiko, ambako alipikia harusi, misiba, semina, na mikutano ya wazee wa kanisa ambayo haikuwa na ajenda nyingine zaidi ya kula. Jikoni ndiko watoto walikompatia jina la Bibi Sufuria, likamganda mpaka wajukuu wake mwenyewe wakalitumia. Halafu yakaja majoho ya kwaya, wagonjwa wa kutembelewa, na akina mama waliofariki wa kuoshwa na kuvishwa. Mtoto wa kwanza alimzaa Jumatano, na Jumapili wakamtumia salamu kwamba wanamwombea na kwamba hawaoni kichujio cha chai.

Mumewe alikuwa fundi wa vyerehani, mtu asiye na ugomvi wowote na Mungu. Ugomvi wake ulikuwa na watumishi. Aliacha kwenda kanisani siku alipokemewa mbele za watu kwa kucheka katikati ya mahubiri, akaulizwa anacheka nini, naye, kwa kuwa aliulizwa, akaeleza. Tangu hapo Jumapili alibaki nyumbani na vipuri vyake na chupa ya mafuta ya mashine. Mkewe aliondoka kabla hakujapambazuka, akarudi jioni ananuka vitunguu na kuomba samahani. Walilea watoto hivyo, wakazeeka hivyo, na wala hawakuwa na maisha mabaya. Kicheko kilikuwepo siku nyingine zote za wiki.

Mambo yalibadilika siku Fundi alipotoka hospitali. Alivuta kiti jikoni, akamsubiri mkewe amalize kukata nyanya, kisha akaeleza maneno ya daktari kama anayezungumzia cherehani cha mteja. Alisema moyo umechoka. Bado unazunguka, lakini vipuri vyake havitengenezwi tena, na kinachowezekana sasa ni kuutumia polepole. Bibi Sufuria akaweka kisu chini. Alitaka kulia lakini Fundi hakumpa nafasi.

"Nina ombi moja tu," alisema. "Miaka yote hii nimekuoa, lakini sijawahi kukuona Jumapili asubuhi. Nataka tuwe tunakunywa chai Jumapili, mimi na wewe, tungali wawili."

"Nitaacha kazi zao," alisema Bibi Sufuria. "Kesho naenda kumwambia mchungaji."

"Huwezi. Wewe hujui kusema hapana. Ungejua, usingeolewa na mimi."

Alicheka mwenyewe, na kwa mara ya kwanza mkewe hakucheka naye.

Kesho yake kweli alikwenda. Mchungaji alikuwa kijana wa juzi, koti linambana kwapani, mwenye moyo mzuri na masikio yaliyoziba pale tu maneno yalipokuwa hayamfai. Bibi Sufuria alimwambia amechoka. Mchungaji akafumba macho papo hapo akamwombea nguvu mpya, sala ndefu yenye tai na mabawa ndani yake. Alipofumbua macho alimshukuru kwa uaminifu wake, akamwambia kwamba kwa kuwa amekuja, mwalimu wa watoto wa Jumapili amehama. Bibi Sufuria alikwenda kuaga, akarudi na darasa. Mwezi uliofuata akajaribu tena, na safari hii akatoka na mafunzo ya wachumba. Fundi alimsihi asirudi mara ya tatu, asije akatawazwa.

Basi wakati huo huo, wakuu wa kanisa nao walikuwa na lao. Walikuwa wameamua kumheshimu. Askofu angekuja, watu wangekula, na Bibi Sufuria angeshtukizwa. Wakaunda kamati ya siri. Kamati ilikutana ukumbini, ikaagiza chai jikoni, na aliyeileta chai alikuwa Bibi Sufuria. Kila alipoingia na sinia walinyamaza ghafla wakaangalia dari kama watu wanaokagua nyufa. Walimwomba apige pasi kitambaa cha kiti cha mgeni fulani. Walimwomba apike kwa ajili ya shughuli fulani, watu wengi kiasi, na asiulize ya nani. Mzee wa kanisa, mwenyekiti wa kamati, mwenye tumbo lililotangulia mbele yake kila alipokwenda, alimpima kwa macho akamwuliza eti mwanamke wa umbo kama lake angependa kitenge cha rangi gani. Si kwamba walikuwa wajinga. Walikuwa wamesahau tu jinsi kazi inavyofanyika bila yeye.

Bibi Sufuria alijifanya hamnazo. Moyoni alifurahi, tuseme ukweli. Nani hapendi kusifiwa akiwa hai? Isitoshe alishapata wazo: watu hufanyiwa sherehe wanapostaafu. Watamshukuru, watamvisha kitenge, watampa mkono wa kwaheri, na Jumapili itakayofuata atakuwa mezani na mumewe. Alimweleza Fundi, na Fundi, aliyeanza kulala akiwa ameegemea mito kwa sababu ya pumzi, akasema labda hata hao watumishi mara moja moja wana akili.

Aliyeharibu furaha hiyo ni katibu wa akina mama, mwanamke mwema asiye na breki mdomoni. Siku mbili kabla ya sherehe aliingia jikoni kuonja mchuzi, akaonja tena, na siri ikamtoka. Kumbe haikuwa kustaafu. Askofu angemtangaza kuwa Mama Mlezi wa Maisha. Kazi zake zote zingekuwa zake rasmi, hakuna atakayemnyang'anya, mpaka siku atakayoitwa na Bwana. Cheo hicho hakikuwepo, kimetungwa kwa ajili yake.

"Mpaka kaburini, mama," alisema katibu, machozi yakimlengalenga. "Hakuna mwingine aliyewahi kupewa."

Bibi Sufuria akaendelea kukoroga. Alikoroga mpaka mchuzi ukamwagika, na katibu akadhani ni furaha, akamkumbatia. Kumbe ndani mwanamke wa watu alikuwa amekufa ganzi. Alikuwa anavishwa kilemba cha ukoka, na chini ya kilemba kuna choo, madhabahu, jiko, wagonjwa na maiti. Makofi yakishapigwa, basi. Mumewe atakunywa chai peke yake mpaka moyo usimame, na siku hiyo nani atapika msibani? Ni yeye huyo huyo.

Jumapili ya sherehe alimwacha Fundi kitandani. Alimwambia leo atakataa. Fundi akamtengenezea kola ya gauni vizuri, akamwambia akishindwa asijisumbue, yeye ameshamzoea. Maneno hayo yalimuuma kuliko kama angemgombeza.

Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama kwenye milango. Bibi Sufuria alikalishwa mbele, kwenye kiti chenye kitambaa alichokipiga pasi mwenyewe, kuwaelekea watu. Kukaa kulimshinda. Kutoka jikoni, alikowaachia wasichana wachache wa kwaya, alisikia harufu ya wali unaoshika chini, na hakuna aliyekuwa anaupunguzia moto. Kwaya ikaimba wimbo uliotungwa kwa ajili yake, beti nyingi, zote zikirudia kwamba yeye hachoki. Mzee wa kanisa akasoma maisha yake kwa sauti ya msibani, mpaka bibi mmoja wa nyuma, ambaye macho yalikuwa yamemtupa mkono, akauliza kwa nguvu marehemu amefariki lini.

Kisha akasimama askofu. Alikuwa mzee mnene mpole, mwenye miwani iliyomteleza puani, na hotuba yake ilizunguka sana kabla haijafika. Akasema habari za taa isiyozimika. Akasema habari za mti usionyauka. Bibi Sufuria hakusikia hata nusu. Alikuwa anaangalia mikono ya watu. Mikono yote ilikuwa mapajani, imetulia, inasubiri neno moja tu.

"Kwa hiyo," akasema askofu, "tunamtangaza mama yetu kuwa Mlezi wa Maisha wa kanisa hili. Waumini, mna..."

Bibi Sufuria akasimama. Alisimama kwa haraka mpaka kitambaa cha kiti kikamfuata, akakishika kabla hakijaanguka kwa sababu mazoea ni mazoea, kisha akanyoosha mkono na kuchukua kipaza sauti kutoka kwa askofu kama anayempokonya mtoto kisu. Ratiba haikuwa na nafasi ya mwenye sherehe kusema neno. Mchungaji akatoa macho.

"Baba Askofu, niwie radhi. Ngoja wasipige kwanza."

Bibi Sufuria alikitundika kile kitambaa cha kiti begani. Alikuwa amejiandaa kusema hapana, neno moja tu, amelifanyia mazoezi njia nzima, na sasa halitoki. Fundi alikuwa amesema kweli, hajui kulisema. Akawatazama wale watu wote waliokuwa wakimpenda na mikono yao iliyokuwa tayari, na hapo akaona kwamba halihitajiki hilo neno. Kuna neno jingine analolijua vizuri zaidi.

Aliwashukuru. Alisema wamempa zawadi kubwa, naye si mkono birika, angependa kuwapa zawadi pia. Akaanza na mzee wa kanisa mwenye tumbo. Alisema kwa muda mrefu ameona jinsi mzee huyu anavyojali usafi, kwa maana hakuna Jumapili ambayo hajaulizia kwa nini choo hakina sabuni. Basi choo anamwachia yeye.

"Mnasemaje?" akauliza Bibi Sufuria.

Kulikuwa na sekunde moja ambapo mambo yangeweza kwenda upande wowote. Kisha watu wakakumbuka kwamba hawakutajwa wao. Makofi yakalipuka, yakatikisa mabati. Mzee wa kanisa akainuka nusu, akafungua mdomo, akaona kanisa zima linampigia, akaketi tena polepole.

Baada ya hapo hakukuwa na wa kumzuia. Jiko alimpa katibu wa akina mama, kwa kuwa anajua kuonja. Majoho akampa mwalimu wa kwaya, na kumweleza kwamba jasho la kwapani halitoki kwa nyimbo. Maua, vitambaa, watoto wa Jumapili, kila kimoja kikapata mwenyewe, na kila mara aliuliza wanasemaje, nao wakasema kwa viganja, wakicheka mpaka mbavu zikawauma, ila yule mmoja mmoja aliyetajwa. Mchungaji alijikunyata ndani ya koti lake. Hakusalimika. Alipewa mgonjwa wa mtaa wa nyuma, mzee mmoja mkorofi waliyemwita Jemadari, wa kutembelewa kila Alhamisi.

"Anatukana kidogo," Bibi Sufuria alimwambia, "lakini ni kwa sababu ya maumivu. Nenda na kikombe chako. Cha kwake huwa anakirusha."

Askofu alikuwa amevua miwani, anafuta macho, na mabega yanamtikisika.

Ilipofika kazi ya kuwaosha akina mama waliofariki, sauti yake ikabadilika. Akashuka kutoka mbele, akaenda mpaka benchi la mshonaji wa sare za shule, mwanamke mkimya ambaye, alipofiwa na mama yake mzazi, alisaidia kumwosha na hakuachia mpaka mwisho.

"Wewe sikupigii makofi," alisema. "Wewe nakuomba. Tumia maji ya uvuguvugu. Wao hawasikii, lakini mikono yako inasikia."

Mshonaji akaitikia kwa kichwa, na hakuna aliyepiga makofi.

Ingeishia hapo ingekuwa vizuri. Ila mzee wa kanisa alikuwa na kinyongo cha choo. Alisimama, akashika mkanda wake, akasema mama amesahau kazi moja. Miaka ile ya zamani, akakumbusha, kila mwanamke alikabidhiwa kondoo mmoja aliyepotea wa kumrudisha zizini. Wengine waliwarudisha wa kwao. Wa mama huyu alikuwa mume wake mwenyewe, na mpaka leo yuko nyumbani na vyerehani. Kwa kuwa ameshindwa, akauliza, huyo naye anampa nani?

Baadhi ya watu walicheka, kisha wakaona uso wa Bibi Sufuria, wakaacha.

"Huyo hakutoka kwenye makofi yenu," alisema. "Huyo nilimchagua mwenyewe, na simpi mtu. Daktari amesema moyo wake umechoka. Nyinyi nimewapa Jumapili zangu zote, na sijutii, maana niliwapenda na bado nawapenda. Lakini zilizobaki ni zake."

Alimrudishia askofu kipaza sauti, akamwinamia kidogo kwa heshima. Akapita katikati ya mabenchi. Mlangoni alisimama akageuka, na watu wakadhani ana neno la mwisho la baraka. Alisema tu kwamba wali unaungua.

Fundi alimkuta mkewe amesimama uani mchana kweupe akaacha bisibisi. Aliuliza kama amefukuzwa. Alipoelezwa yote, akacheka mpaka Bibi Sufuria akamkamata mabega na kumwamuru avute pumzi. Lakini kuamini hakuamini. Alisema ngoja Jumapili ije.

Wiki ile walikuja kwa zamu. Katibu alikuja kuuliza chumvi ya sufuria kubwa hupimwa kwa kijiko gani, mwalimu wa kwaya akaja kuuliza wanga huchanganywa na maji ya moto au baridi. Mzee wa kanisa hakuja, ila alimtuma mkewe kuulizia mahali brashi ilipo. Bibi Sufuria aliwajibu wote kwa ufupi akiwa mlangoni, na kila alipofunga mlango alijisikia amewaibia kitu. Mchungaji naye alikuja Alhamisi jioni, shati limelowa chai, akasema tu "Shikamoo, mama," akaondoka.

Jumapili aliamka kabla hakujapambazuka. Hakuamua kuamka, mwili uliamka. Akaoga, akavaa gauni, akafunga kitambaa kichwani, akavaa viatu na kufunga kamba zake gizani, yote kabla akili haijamfikia. Kengele ya kwanza ikalia. Akajikuta ameketi kwenye ukingo wa kitanda, mikono mapajani, hana pa kwenda. Na hapo akaogopa. Hakuna aliyemwambia kwamba ataogopa. Kule walikuwa wanapika bila yeye, na chakula kitalika, kibovu kibovu hivyo hivyo, na watashiba. Kama wanaweza kushiba bila yeye, basi yeye ni nani? Alilia bila sauti, kama anavyolia mtu aliyezoea kulia karibu na sufuria za watu wengine.

Fundi alikuwa macho. Alimwona kwa mwanga wa dirishani, amevaa tayari, viatu miguuni. Alikuwa na utani wa kila jambo, na huu ulikuwa mdomoni mwake, lakini aliumeza. Akashuka kitandani upande wake, akazunguka ameshika ukuta, akafika mbele ya mkewe. Kisha akaanza kupiga magoti, polepole, goti moja likalia, na la pili likalia.

"Unafanya nini wewe?" akanong'ona Bibi Sufuria. "Moyo wako."

"Moyo wangu uko hapa hapa. Tulia."

Akafungua kamba za kiatu cha kwanza. Vidole vya fundi havikuhitaji taa. Akavuta kiatu taratibu, akakiweka pembeni, akaushika ule mguu uliovimba kwa kusimama maisha yote, akaushika tu, viganja vyake vyote viwili vikiwa vimeuzunguka. Kisha akafungua cha pili. Vyote viwili akavisukuma uvunguni, mbali, mpaka vikagonga ukuta.

Alipotaka kuinuka hakuweza. Magoti, akasema, yamegoma, hayajazoea mambo haya. Bibi Sufuria akainama amshike kwapani, wakavutana, wakayumba, na mwishowe wakaketi wote wawili sakafuni, mmoja na nguo za kulalia na mwingine na gauni la kanisani, mke akilia na kucheka kwa pamoja, mumewe akihema. Kengele ya pili ikalia mpaka ikanyamaza. Walipopata pumzi walisaidiana kusimama, wakaenda jikoni kuchemsha chai.